Jinsi ya kuunda programu yako ya kuhesabia pishi za karafuu

Msimu uliopita nilikaa na mjomba wangu huko Wete, Pemba, tukalihamishia daftari lake la wachumaji wa karafuu kwenye simu. Haja yake ilikuwa kujua kila jioni nani amepima pishi (kipimo cha ujazo) ngapi, amekwishalipwa kiasi gani na bado anadai nini. Tulitumia Google Sheets, yaani majedwali ya mtandaoni, pamoja na AppSheet, huduma ya Google inayogeuza majedwali hayo kuwa programu ya simu na ambayo haitozi malipo kwa majaribio yenye watumiaji wasiozidi 10.

Hatua ya 1: Tazama kazi inavyofanyika

Kaa penye upimaji jioni moja kabla ya kufungua kompyuta. Mjomba huita jina kwanza, kisha hutaja pishi, na fomu yetu inafuata mpangilio huohuo.

Hatua ya 2: Tayarisha laha (kurasa za jedwali) tatu

Ziite Wachumaji, Mapimo na Malipo. Bei ya pishi iandikwe katika kila mstari wa Mapimo, kwani ukiiweka mahali pamoja tu, siku itakapobadilika itageuza na hesabu za siku zilizopita. Vilevile, ondoa mpangilio wa tarehe wa Marekani na uweke wa Uingereza, kwenye laha na ndani ya AppSheet, la sivyo 3/7 itasomwa Machi 7 badala ya Julai 3.

Hatua ya 3: Chagua ufunguo wa kila laha

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Ufunguo ni safu inayoutofautisha mstari mmoja na mwingine, na AppSheet hujaribu kuichagua yenyewe. Kwetu ilichagua jina, ilhali mjomba alikuwa na wachumaji wawili wenye jina moja, kwa hiyo wa pili hakuweza kuandikishwa. Usitumie jina wala namba ya simu, maana simu moja huweza kutumiwa na watu watatu wa nyumba moja. Namba ya mstari nayo haifai, kwa kuwa mstari mmoja ukifutwa, iliyo chini yake hubadilika namba.

Ongeza safu iitwayo Kitambulisho katika kila laha, uifanye ufunguo, kisha uandike UNIQUEID(), fomula inayotunga kitambulisho kisichojirudia, palipoandikwa "Initial value" (thamani ya mwanzo). Tafadhali usiiandike kwenye "App formula", kama nilivyofanya mimi, kwa sababu fomula ya hapo hukokotolewa upya kila mstari unaporekebishwa. Nilisahihisha namba ya simu ya mchumaji mmoja, akapata kitambulisho kipya, na mapimo yake yote yakabaki yameshikamana na kile cha zamani. Jioni mjomba akaniuliza, "Mjomba, pishi za huyu zimekwenda wapi?" Zilikuwapo kwenye laha, lakini chini ya jina lake hapakuwa na hata moja, na ilinibidi nirudishe vitambulisho kimoja kimoja kwa kulinganisha na daftari. Kwa sababu hiyo nasisitiza kuwa daftari liendelee kuandikwa katika wiki mbili za mwanzo.

Hatua ya 4: Unganisha laha

Safu ya Mchumaji katika Mapimo na Malipo iwe ya aina ya Ref, yaani rejeo, ielekee Wachumaji.

Hatua ya 5: Jaribu pasipo mtandao

Fungua programu ukiwa na intaneti, kisha uzime intaneti na uingize mapimo matatu kwa kila moja ya simu mbili tofauti. Kitufe cha kusawazisha kitaonyesha idadi ya yanayosubiri. Mtandao ukirudi, kibonyeze, na uhakikishe kwamba mistari yote sita imefika kwenye laha.