Kusafisha mtaro wa mtaa kabla ya masika: gari la taka kwanza, jembe baadaye

Mvua za masika zinaanza Machi, kwa hiyo nyie anzeni Januari. Nasema Januari makusudi kwa sababu sisi tunaokaa pembeni ya Mto Msimbazi hapa Dar huwa tunaukumbuka mtaro siku maji yashaingia sebuleni, na hapo hakuna tena cha kuzibua, unabeba watoto na godoro unatoka.

Tembeeni mtaro wote, toka unapoanzia mpaka unapomwaga mtoni. Palipoziba pigeni picha, jembe lisimame pembeni ili anayeangalia aone tope limefika wapi. Kwenye kalvati msiangalie mdomo tu, ingizeni mti mrefu, ukigota katikati ujue limejaa ndani na hiyo siyo kazi ya majembe, inataka wenye mitambo. Ramani mnaweza kuipata bure kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya wazi ya mtandaoni, maana kata nyingi za Dar zilichorwa kupitia mradi wa Ramani Huria, mitaro ikiwemo.

Halafu ofisi ya serikali ya mtaa. Ongeeni na mwenyekiti na mtendaji, barua ya kuomba mtaro uzibuliwe itoke kwa jina la mtaa siyo la mtu mmoja. Mitaro ya barabara za mitaani iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ya barabara kuu ni TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), mkikosea mlango mtazungushwa mpaka mvua inyeshe. Diwani apate nakala, na nakala yenu igongwe mhuri na tarehe, hiyo ndo mtarudi nayo mkiona kimya.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri ndugu zangu. Mwaka mmoja mtaani kwetu tulijitolea Jumamosi nzima, akina mama, vijana wa bodaboda, mpaka wazee, tukatoa chupa, pampasi, viatu, matairi, tukarundika pembeni ya mtaro, tuta jeusi refu kama la viazi, linanuka, tukakaa kusubiri gari tuliloahidiwa, halikuja. Jumatatu usiku ikapiga mvua. Asubuhi tuta halipo, lote limerudi mtaroni, na mwaka uliofuata kuwaita watu watoke tena ilikuwa kazi kwelikweli. Kwa hiyo siku ya kazi isitangazwe mpaka mjue gari lipi linakuja, saa ngapi, na namba ya dereva mnayo mkononi. Ikishindikana changeni mkodi kirikuu, hata guta mbili zikipiga tripu zinatosha mtaro mdogo, mradi taka zilale dampo siyo ukingoni.

Anzeni chini kule mtaro unakomwaga, mpande juu. Mkianza juu taka zinateremka kwenye kipande ambacho bado kimeziba na mafuriko mnakuwa mmewahamishia wenzenu. Mabuti na glavu lazima, humo kuna chupa zilizovunjika na sindano, na tusifichane, kuna nyumba zinatapisha vyoo mvua ikinyesha, kipindupindu ndo kinapitia humo. Sabuni na ndoo ya maji safi viwe palepale.

Mto wenyewe nao mnausaidia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, wengi tumeshajenga humo na simlaumu mtu, pengine uwezo ndo uliishia hapo, lakini kipande kilichobaki wazi kilindeni, pandeni matete, mianzi au nyasi za vetiva. Wachimba mchanga wasiruhusiwe kabisa, mchanga ukitoka ukingo unaning'inia na nyumba ya pembeni inafuata. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu kama 40 hapa Dar, familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wapo majirani zetu ambao hatujawaona tena tangu hapo.

Mwenye bati aweke gata na pipa, maji yake yasiende yote mtaroni kwa mkupuo.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita rudini kwenye mtaro, mchore mstari wa rangi ukutani maji yalipofikia, muandike tarehe na mpige picha. Barua ya mwakani inaanza na hiyo picha.