Kodi mashine ya nati baada ya spana kushindwa
Kama gari unalitengeneza mwenyewe mara mojamoja, usikimbilie kununua mashine ya umeme ya kufungulia nati. Usiku wa kuamkia kazi, pulizia nati zenye kutu mafuta ya kulegeza yapenye hadi asubuhi, kisha jaribu kwa spana yenye mpini mrefu. Zikigoma ndipo ukodi, vipuri vipya vikiwa tayari mkononi, maana unalipia muda hata kama mashine imelala. Ijaribu palepale kabla ya kuondoka nayo (mimi nilifika nyumbani na betri iliyokufa). Ukijikuta unaikodi kila baada ya miezi michache, nunua. Stendi za kushikilia gari sikodi kamwe: hujui zimepitia nini, na wewe ndiye unayelala chini ya gari.