Bogenvilia yako ni majani matupu? Funga bomba

Mvua za masika zikikatika tu, simu zinaanza. "Bwana shamba, bogenvilia yangu imenawiri, majani yanang'aa, mbona haitoi maua?" Nami huuliza swali moja: unaimwagilia mara ngapi? Kila jioni. Na mbolea? Urea kidogo kila mwezi. Basi umeshajijibu.

Kwa huku Pwani, Dar es Salaam hadi Tanga, hili ndilo kosa linalowatia watu hasara kuliko mengine yote ya bustani za nyumbani. Mtu analipia maji, analipia mbolea, anamlipa na kijana wa bustani, halafu anavuna majani. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazili na majirani zake, na imezoea kiangazi kikali. Ikipata maji mfululizo inarefusha matawi na kuongeza majani, maua inayaweka kando. Urea nayo ina naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni kazi yake kubwa ni majani. Ndiyo maana ile iliyoachwa ukutani kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe, isiyojua ndoo wala mpira wa maji, imewaka zambarau tupu, na ya kwako inayohudumiwa kama mgonjwa wa wodini haina hata ua moja.

Chanzo chake nakijua: mpira ni mmoja. Asumini na waridi zinataka maji ya mara kwa mara, na bogenvilia imepandwa pembeni yake, basi mwenye mpira anapita na mstari mzima. Ukiwa bado hujapanda, itenge. Ukiwa umeshapanda, jifunze kuiruka.

Mche mpya haumo katika ukali huu. Miezi 3 ya kwanza upe lita 5 kila baada ya siku 2, na siku ya kupanda chana kiriba (kile kifuko cha plastiki cha mche) kwa wembe, usiling'oe bonge la udongo, maana mizizi yake ni laini na ikikatika mche unadumaa.

Baada ya hapo, kipimo ni kidole. Kichomeke ardhini sentimita 5. Kikitoka na udongo mbichi umeng'ang'ania, ondoka. Kikitoka kikavu, mwaga ndoo moja ya lita 20 polepole, yote kwa mara moja, maji yashuke chini, kisha usirudi mpaka kidole kikuambie. Wakati wa kiangazi mara nyingi itakuwa siku 7 hadi 10. Kwenye mchanga mapema kidogo, kwenye mfinyanzi hata zaidi. Vikombe viwili viwili kila jioni ni kuilowesha ngozi ya udongo tu. Mvua zikiwa zinanyesha, sifuri.

Sasa kuilazimisha ichanue. Kata matawi kati ya katikati ya Mei na mwanzoni mwa Juni, mvua kubwa zikiwa zinaondoka, upunguze theluthi moja ya urefu. Tumia mkasi mkali, si panga, na vaa glovu kwa sababu ya miiba. Machipukizi mapya yakifika sentimita 30, acha kumwagilia kabisa. Saa 8 mchana majani yatalegea. Hapa ndipo wengi mnaponiangusha! Mnaona majani yamelegea, huruma inawashika, mnakimbilia bomba, na wiki mbili za subira zinakwenda na maji. Subiri. Itazame kesho yake saa 12 asubuhi: ikiwa imesimama tena, iache. Ikiwa bado imelegea asubuhi hiyo, ndipo uipe ndoo yake moja, kisha urudi kwenye kidole. Rangi huanza kuonekana wiki 6 hadi 8 tangu siku ya kukata.

Na ukishakata, mkasi uweke ndani. Rangi hutokea kwenye tawi jipya, kwa hiyo anayenyoosha fensi kila Jumamosi anakata maua yakiwa bado hayajazaliwa. (Ukitaka kuhakikisha, sogea karibu: yale matatu ya rangi ni majani, ua lenyewe ni kile kimrija cheupe katikati.)

Urea ondoa kabisa kwenye bogenvilia. Tumia NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), vizibo 3 vya soda, yaani takribani gramu 15, kwa mti uliokwisha kushika. Weka mara moja masika yakianza na mara moja vuli ikianza, ukizungushia sentimita 30 kutoka kwenye shina. Ukiimwagia shinani unaiunguza. Na kama iko chini ya mwembe, usinipigie simu: isipopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 kila siku, hata ufuate vipimo vyote utaambulia kijani.

Ikikubali, ncha za matawi zitaanza kubadilika rangi, hiyo ni dalili tosha.

Wenye vyungu, kosa lenu ni lile lile ila linaua haraka zaidi. Mnaweka sahani chini ya chungu, maji yanatuama, mizizi inaoza. Ukiichomoa utaona ni ya kahawia na ganda lake linabanduka ukilivuta kwa vidole. Toboa matundu yasiyopungua 4 chini ya chungu, kiinue juu ya vipande vya tofali, na sahani itupe. Sahani hiyo hiyo hufuga mbu wa homa ya dengue, na Dar es Salaam iliugua dengue 2014, ikaugua tena 2019.