Mipira ya bisi kwa sukari guru, ya kutengeneza na watoto mkesha wa Krismasi

Kila tarehe 24 Desemba, watoto wa kaka zangu wakishashuka kwenye matatu na kusalimia wazee, swali lao la kwanza huwa moja: "Senje (yaani shangazi), bisi tunatengeneza saa ngapi?" Nyumbani kwetu ni Malava, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, ambako miwa iko kila upande na harufu ya sukari guru ikichemka hukufikia kabla hujaona moshi. Mimi naishi Kisumu. Punje za bisi nazibeba kutoka soko la Kibuye, sukari guru naikuta nyumbani.

Wenzangu wa chama mliniomba niandike tunavyofanya, hatua kwa hatua. Nimeandika, na maswali mliyonitumia nimeyajibu mwishoni.

Jambo moja nataka mlishike kabla ya yote: shira ya sukari guru haipimwi kwa macho. Sukari nyeupe ikiiva hubadilika rangi, nawe ukaona. Sukari guru ni ya kahawia tangu ikiwa sokoni. Mbichi ni kahawia, iliyoiva ni kahawia, na ikiungua pua ndiyo itakayokuambia, tayari umechelewa. Anayengoja rangi atapata mipira inayotiririka mikononi au mipira ya kuvunja meno. Kipimo chake ni bakuli la maji baridi, na nitakieleza taratibu.

Vitu vya kuandaa

Kwa mipira kama 15 yenye ukubwa wa chungwa dogo: punje za bisi nusu kikombe (gramu 100 hivi), mafuta ya kupikia vijiko 3 vya mezani, sukari guru gramu 250, maji nusu kikombe, majarini au samli vijiko 2 vya mezani, juisi ya limau kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko cha chai. Njugu karanga zilizokaangwa na kumenywa, viganja viwili, kwa wanaozipenda. Zichambueni vizuri: njugu iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupwe, hata kama ni moja, kwa sababu kuvu wa njugu huacha sumu isiyotoka kwa kukaanga.

Hatua ya kwanza: punje

Nunueni mahindi ya bisi yenyewe, zile punje ndogo ngumu zinazong'aa kama shanga. Ndani ya kila punje mna maji kidogo, karibu asilimia 14 ya uzito wake, yamefungiwa na ganda lisilopitisha mvuke. Joto likifika nyuzi 180 hivi, maji hayo yanataka kutoka yakiwa mvuke, na wanga wa ndani umelainika kama uji. Ganda likishindwa kuhimili linapasuka, wanga unafura na kukauka papo hapo. Ndiyo sababu punje iliyokauka kupita kiasi inakaa tu ndani ya mafuta mpaka inaungua: haina mvuke wa kulipasua ganda.

Mwaka juzi nilinunua gorogoro zima la punje zilizokuwa zimekaa wazi mlangoni mwa duka, juani kutwa. Nusu ziligoma. Watoto walisimama na mabakuli yao wakingoja mlio ambao haukuja, na mdogo wao akaanza kulia. Zilizobaki nilizitia kwenye chupa yenye kifuniko, vikombe vitatu vya punje kwa kijiko kimoja cha mezani cha maji, nikatikisa, nikaziacha siku tatu nikizitikisa asubuhi na jioni. Mwaka Mpya zilipasuka karibu zote. Tangu hapo nanunua mapema na kujaribu kiganja kimoja wiki moja kabla.

Hatua ya pili: kupasua

Sufuria iwe nene na pana. Tia mafuta, tia punje tatu tu, funika. Zikipasuka zote tatu, mafuta yako tayari. Mimina zilizobaki zienee chini safu moja, funika ukiacha mwanya mdogo wa kutoa mvuke, kisha tikisa sufuria kila mara. Mwanya huo usiudharau, kwani mvuke ukibaki ndani bisi zinakuwa laini na kutafunika kama kitambaa. Milio ikipungua mpaka unahesabu moja, mbili, tatu kati ya mlio na mlio, ipua.

Hatua ya tatu: kuchagua, kazi ya watoto

Mimina bisi kwenye sinia kubwa na uwaite watoto wote. Kazi yao ni kutoa kila punje iliyogoma. Katika bakuli la bisi za kawaida punje ngumu utaiona. Ndani ya mpira huioni, unaikuta kwa jino. Tunawashindanisha: kila mmoja ana kisoda chake cha kuwekea punje alizokamata, na mwenye nyingi ndiye anachagua mpira wa kwanza. Sinia hutoka safi kuliko ningelichambua mwenyewe.

Likishachambuliwa, watoto wanaondoka jikoni. Shira ni ya mtu mzima mmoja.

Hatua ya nne: shira

Paaza au katakata sukari guru, itie kwenye sufuria ndogo pamoja na maji, moto mdogo, ikoroge mpaka iyeyuke yote. Sasa ichuje. Sukari guru hutoka kwenye mitambo midogo ya mashambani na mara nyingi ina nyuzi za miwa na chembe za mchanga; ukipitisha kwenye chujio la chai utaona mwenyewe kinachobaki. Suuza sufuria, rudisha shira, ongeza limau, majarini na chumvi. Limau huizuia shira isigande chengachenga.

Moto wa wastani, na kuanzia hapa usiikoroge sana. Weka kando bakuli la maji baridi. Povu litapanda, kisha mapovu yataanza kuwa makubwa, mazito, yakipasuka polepole. Hapo anza kupima: dondosha tone moja kwenye maji, subiri kidogo, litafute kwa vidole.

Likitawanyika na kuyapaka maji rangi, bado sana. Likikusanyika chini lakini likitoka kwenye maji linalala kidoleni kama tope, limekaribia, punguza moto. Likikubali kuviringishwa likawa gololi, ukaliweka kwenye sahani likasimama bila kutandaa, na ukilibonyeza linabonyea kwa nguvu kidogo, ipua saa hiyo hiyo. Ukingoja dakika moja zaidi, tone linalofuata litagonga sahani kama kokoto. Badilisha maji ya bakuli kila baada ya majaribio mawili, kwa maana maji yaliyopata joto hudanganya.

Muda nisiwatajie. Jiko la gesi na jiko la makaa hayawezi kukubaliana, hata sufuria mbili kwenye jiko moja hazikubaliani.

Hatua ya tano: kuchanganya na kufinyanga

Mimina shira juu ya bisi na njugu, ukizungusha, na mtu wa pili ageuze kwa mwiko uliopakwa mafuta kutoka chini kwenda juu. Subiri dakika moja au mbili. Mtu mzima ashike kwanza. Kama yeye anaweza kulishikilia donge bila kulihamisha mkono hadi mkono, ndipo watoto waitwe, wamenawa na kupakwa majarini viganjani.

Wafundishe kufinyanga kama wanavyokusanya tonge la ugali wa moto: kwa kulizungusha na kulibana kidogo kidogo, si kwa kulikamua. Bisi zikikamuliwa zinavunjika na mpira unakuwa kama jiwe. Mchanganyiko ukianza kugoma kushikana, rudisha sinia juu ya makaa yaliyofifia kidogo, utalegea.

Wetu tunaupanga kwenye karatasi ya kuokea, ukipoa tunaufunga karatasi moja moja na kuuweka kwenye mkebe. Wageni wakija tarehe 25 unawekwa juu ya jani la mgomba lililopitishwa motoni mpaka likang'aa. Kukhu, yaani bibi, huyachagua majani hayo mwenyewe, hampi mtu mwingine kazi hiyo.

Bisi zilizobaki bila shira zinafaa shada la kupamba mlango: sindano, uzi, basi. Zilale usiku mmoja wazi kwanza, kwa sababu bisi zilizotoka jikoni sasa hivi huvunjika zikichomwa sindano.

Maswali ya wanachama

*Dada, mimi niko Nakuru. Nina kipimajoto cha jikoni na maelezo ya nje yanasema shira ifike nyuzi 127. Nilifuata sawasawa, mipira ikawa mawe. Kosa ni langu?*

Kosa si lako, ni la mwinuko, dada yangu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Shira nayo inafuata: inafika ugumu ule ule kwenye joto la chini zaidi. Toa nyuzi 6, yaani ipua ikifika 121. Huku Kisumu, mita kama 1,130, tunatoa nyuzi 4. Njia rahisi ni kuchemsha maji matupu kwanza, uone kipimajoto kinasoma ngapi, kisha upunguze tofauti yake na 100 kwenye maelezo yoyote ya kutoka pwani au ng'ambo. Bakuli la maji baridi halihitaji hesabu hii, ndiyo maana naliamini zaidi.

*Mama, mahindi yetu ya ugali hapa Bungoma ni mengi ghalani. Hayawezi kutumika?*

Hayawezi. Ganda lake linavujisha mvuke na wanga wake ni mlaini mno. Yatapasuka ufa na kukauka, utapata mahindi ya kukaanga, matamu kwa chai, lakini bisi huna.

*Shangazi, mtoto wangu ana miaka miwili na analia akiona wenzake wanakula.*

Asipewe, hata akilia. Bisi na njugu nzima huwakaba watoto walio chini ya miaka minne. Mpe ndizi mbivu, mkae naye kando. Na wale wakubwa wale wakiwa wameketi, bila kukimbia.

*Mzee wetu ana kisukari, na ameambiwa sukari guru haina madhara kwa sababu ni ya asili. Ni kweli?*

Si kweli, na tafadhali mwambieni kwa upole lakini mwambieni. Sukari guru ni sukari ya muwa ambayo haijasafishwa. Madini yaliyomo ni kidogo, na sehemu kubwa iliyobaki ni sukari ile ile inayopandisha kiwango damuni. Mtengee bisi tupu zenye chumvi kidogo mno, bakuli dogo, maana nazo ni wanga wa mahindi, na kiasi chake akakiulize kliniki anakohudhuria. Kwetu baba mdogo tunamtilia zake kabla ya shira kumiminwa, kwenye bakuli lake mwenyewe, ili asile mabaki ya wengine.

*Mipira yangu ilikuwa mikavu usiku, asubuhi ikawa inanata. Niko Dunga, karibu kabisa na ziwa.*

Hewa ya ziwa ina unyevu, na sukari guru huuvuta kuliko sukari nyeupe. Ifunge ikishapoa kabisa tu, mkebe ujazwe usibaki na nafasi, usiufungue ovyo. Mimi huku Kisumu huwa ninaila ndani ya siku tatu.

*Mtoto akirukiwa na shira tufanye nini? Bibi yetu hupaka dawa ya meno.*

Maji ya bomba yasiyo ya barafu, yakitiririka juu ya pale palipoungua kwa dakika 20 kamili. Hakuna dawa ya meno, yai wala majarini. Shira iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Malengelenge yakitokea, au pakiwa usoni au kiganjani, nendeni hospitali. Naomba hili kila mama alisome mara mbili.

*Sufuria yangu imegandiwa na shira chini. Niikwangue kwa kisu?*

Weka kisu chini. Ijaze maji hadi juu ya alama ya shira, rudisha jikoni, ikichemka shira itayeyuka yenyewe. Kama haikuungua, maji hayo kwetu hayamwagwi: tunayatilia majani ya chai na tangawizi iliyopondwa, na kukhu ndiye anayepewa kikombe cha kwanza.