Kukadiria joto la kale la Stockholm kwa vitabu vya forodha na vipimajoto vya kwanza

Bahari mbele ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, huganda wakati wa baridi. Mabaharia wa huko walingoja barafu iachie kama manahodha wa pwani yetu walivyongoja pepo zigeuke, na meli za kwanza zilipoingia, karani wa forodha aliandika tarehe na ushuru. Barafu ikichelewa kuachia, ujue Januari hadi Aprili ilikuwa baridi kali. Kwa tarehe hizo watafiti wamekadiria joto la miezi hiyo minne tangu 1502, ilhali vipimo vya kipimajoto mjini humo vinaanzia 1756.

Kabla ya kugusa tarehe yoyote, mjue karani. Yeye alitafuta ushuru, hali ya hewa haikumhusu. Kitabu kilifunguliwa kwa sababu meli imefika, au kwa sababu mwaka wa hesabu umeanza? Ukikuta miaka mitano mfululizo kinaanza tarehe ileile, hiyo ni ratiba ya ofisi, iache. Usichanganye mashua za karibu na meli za mbali. Chagua aina moja uishike. Miaka ya vita itenge pia: 1808 na 1809 Uswidi ilipigana na Urusi, na meli huweza kuchelewa bila barafu yoyote.

Kisha kalenda, na hapa wengi huumia. Uswidi ilifuata kalenda ya kale ya Julius, iliyokuwa nyuma ya yetu ya leo. Iliruka 29 Februari mwaka 1700, halafu mwaka 1712 ikaongeza 30 Februari ili kuirudia kalenda hiyo ya kale. Kwa hiyo tarehe za tangu 1502 hadi mwisho wa Februari 1712 ziongeze siku 10. Za 1 Machi 1712 hadi 17 Februari 1753 ziongeze 11. Siku iliyofuata hiyo 17 Februari iliitwa 1 Machi. Baada ya hapo usiongeze kitu. Geuza kila tarehe iwe namba ya siku: 12 Aprili 1650 inakuwa 22 Aprili, yaani siku ya 112. Mwaka mrefu una siku moja zaidi baada ya Februari.

Upande wa vipimajoto, tambua kwanza kipimo. Cha Réaumur, kipimo cha zamani, zidisha kwa 1.25 upate nyuzi za Selsiasi. Kile cha kwanza cha Anders Celsius, mwanasayansi wa Uswidi, kiliwekwa kinyume, 0 maji yakichemka na 100 barafu ikiyeyuka, hivyo 95 ni nyuzi 5. Kioo kipya nacho huendelea kusinyaa kwa miaka: tungi inabana, zebaki inapanda, na chombo kinasoma juu ya sifuri hata kikizamishwa kwenye barafu inayoyeyuka. Daftari likitaja jaribio la namna hiyo, toa tofauti hiyo. Vipimajoto vilitundikwa nje ya dirisha la kaskazini, lakini kule jua la Juni huchomoza kaskazini mashariki na kuupiga ukuta huohuo. Usomaji wa kiangazi ndio unaoharibika zaidi.

Saa za kusoma nazo hubadilika. Kama mtazamaji alisoma saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, chukua vipimo vya kisasa vya kila saa, tafuta wastani wa saa hizo tatu, utoe wastani wa saa 24. Tofauti itakayobaki ndiyo ya kusahihishia, kila mwezi kivyake.

Sasa unganisha. Tumia 1756 hadi 1860: chora mstari wa siku ya meli dhidi ya joto kwa miaka ya 1756–1808, utabirie 1809–1860, kisha geuza vipindi. Kama utabiri haushindi kubahatisha tu wastani wa kipindi ulichochorea mstari, rudi kwenye vitabu.

Mstari huo hupunguza makali ya miaka ya kupindukia. Uhusiano wa siku ya meli na joto, ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu, ukiwa 0.8, makadirio yanatawanyika kwa asilimia 80 tu ya joto halisi. Gawanya kila tofauti na wastani kwa 0.8: nyuzi 3 chini ya wastani zinakuwa 3.75. Makosa nayo yanakua, kwa hiyo yapime upya baada ya kugawanya.

Mwisho wa karne ya 19, meli za mvuke na za kuvunja barafu zilianza kufungua njia mapema. Kuanzia hapo acha tarehe za bandari, shika kipimajoto peke yake.