Umeokota kipaka hajafungua hata macho? Joto kwanza, maziwa baadaye

Huku Kigoma, hasa upande wa Kibirizi wanakoanika dagaa, paka wanazaa kila mahali, nyuma ya magunia, chini ya mitumbwi iliyopinduliwa, kwenye mabati chakavu, kwaiyo lazima siku moja mtoto wa jirani aje na kipaka kiganjani akwambie shangazi nimeokota. Mi nimeshalea kadhaa ila wa kwanza alinifia mkononi, na nataka nikueleze alivyokufa maana ndo kosa linalofanywa na karibu kila mtu.

Alikuwa na siku moja au mbili tu, kitovu bado kinaning'inia kama uzi mkavu, masikio yamelala kichwani, mvua ilimnyeshea usiku kucha. Nikasema huyu ana njaa, nikapasha maziwa ya ng'ombe, nikamlaza chali kama tunavyolaza mtoto mchanga, nikamdondoshea mdomoni. Yakatokea puani. Akaanza kupumua kwa kukoroma na alfajiri ikamkuta keshakufa. Alikuwa wa baridi, maziwa hayakuwa yake, na nilimlaza vibaya, yote kwa mara moja.

Sasa kabla hujamwokota, mwangalie kwanza. Kama ni mkavu, ana joto, tumbo limejaa na amelala kimya, muache, mama yake kaenda kutafuta chakula au anahamisha watoto mmoja mmoja na zamu ya huyu haijafika. Kaa mbali kabisa, saa moja, mbili, hata zaidi, maana ukisimama pale paka harudi. Unaweza ukamwaga majivu kuzunguka hapo, ukikuta nyayo ujue mama anakuja. Na ile ya kusema ukimshika mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu, usiiogope, paka mama huwa anampokea mwanae. Ila kama amelowa, ni wa baridi, siafu wameshamvamia au unajua mama kagongwa, mchukue hapohapo.

Ukishamchukua, joto. Kipaka wa wiki ya kwanza hawezi kujitunzia joto lake mwenyewe, na akiwa wa baridi tumbo halisagi kitu, maziwa yanakaa tu mle ndani yanaharibika au yanaingia kwenye mapafu. Mfute akauke, mweke kifuani ndani ya nguo ngozi kwa ngozi, halafu jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie kitenge, iweke upande mmoja wa boksi tu ili akizidiwa na joto ajisogeze pembeni. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, na usimweke kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa, hewa yake itamuua na wewe itakudhuru. Inaweza kuchukua saa nzima au mbili, vumilia. Gusa ndani ya mdomo wake kwa kidole kidogo, kukiwa na ubaridi bado. Kukipata joto na akaanza kutafuta kwa pua, hapo ndo unafikiria maziwa.

Na kabla ya maziwa uliza mtaani kama kuna paka aliyezaa juzijuzi, hakuna anayelea vizuri kama yeye. Msugue kipaka wako taratibu na kitambaa walicholalia watoto wake, mchanganye nao, kaa uangalie. Akianza kumlamba shukuru Mungu, kazi yako imebaki kumlisha huyo mama dagaa wa kutosha.

Asipopatikana utanyonyesha wewe. Maziwa ya ng'ombe peke yake yanamharisha, na kipaka akiharisha anakauka upesi sana. Yapo maziwa ya unga ya watoto wa paka, huku kwetu sio rahisi kuyakuta dukani, mwombe ndugu wa Dar akuangalizie kwenye maduka ya wanyama akutumie kwa basi. Wakati unasubiri tumia maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, yakipoa koroga na kiini kimoja cha yai kwenye kikombe cha robo lita, chuja, ila hii ni ya kuvukia siku mbili tatu tu, asikulie hapo. Kila siku tengeneza mapya.

Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano dogo, la mililita 1 au 3, sindano yenyewe tupa. Mlaze kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo, kama vile angekuwa ananyonya kwa mama yake, maziwa yawe vuguvugu ukidondoshea kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi. Tone kwa tone, anyonye mwenyewe, usisukume. Kipaka wa gramu 100 tumbo lake linabeba kama mililita 4 tu, kwaiyo ni kidogokidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mi naweka alamu, natoka nae uani, mbalamwezi ikiwa haipo naziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, wao wako kazini na mimi niko kazini.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui kabisa, kipaka mchanga hakojoi mwenyewe, mama ndo anamlamba mpaka atoe. Kwaiyo kila ukimlisha chukua pamba, ichovye maji ya uvuguvugu, msugue taratibu chini ya mkia mpaka mkojo utoke. Ukisahau siku nzima tumbo linajaa anateseka.

Mpime kila siku saa ileile, kama huna mizani ya jikoni omba mwenye duka akupimie kwenye ya kupimia sukari. Aongezeke gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akipungua, akilia bila kunyamaza au akigoma kunyonya mara mbili mfululizo, usisubiri, daktari wa mifugo. Viroboto watoe kwa kitana cha chawa, usimpake kabisa dawa ya viroboto ya mbwa, na paracetamol hata chembe ni sumu kwake. Boksi weka juu ya meza na kila mguu wa meza uwe ndani ya kopo la maji, siafu wakiingia usiku hawaachi kitu.

Macho yanafunguka yenyewe kati ya siku ya 7 na 14, usiyafungue kwa vidole. Wiki ya tatu mpe beseni la mchanga, ya nne anza kumchemshia dagaa bila chumvi, toa miba, ponda uchanganye na maziwa yake. Dawa ya minyoo muulize daktari, chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Wa kumpa watakuja wengi maana panya wamejaa, usimtoe kabla ya wiki nane. Wa pili wangu nilimtoa kwa mama mmoja muuza mchele sokoni, ukipita asubuhi unamkuta kalala juu ya gunia, mnene, manyoya yanang'aa.