Bustani ya lupango (kiwanja cha nyumba) kabla ya baridi ya Juni

Hapa Lubumbashi mvua inatuaga mwezi wa nne. Baada yake ni jua, vumbi, na baridi ya usiku ya Juni na Julai, mpaka mawingu yarudi karibu na mwezi wa kumi. Wengi huanza kuhangaikia bustani ikiwa imeshanyauka. Kazi yenyewe ni ya sasa, udongo ungali na maji.

Kubwa kuliko yote ni kuufunika udongo. Kata nyasi za kando ya ukuta, uzitandaze nene kati ya mimea. Mwaka jana, mwezi wa nane, niliinua matandazo chini ya mparachichi wangu: udongo mwekundu ulishikana mkononi, ukaacha rangi kwenye vidole. Hatua mbili pembeni, palipokuwa wazi, jembe liligonga kama kwenye tofali. Ila usizilaze nyasi juu ya shina. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka mti, maana mchwa hufuata nyasi kavu, na wakishafika hapo watamaliza na ganda la mche.

Nyasi hizo za ukutani usizisahau hata kama huzihitaji. Mwaka mmoja niliziacha zikauka. Moto wa jirani aliyekuwa akichoma takataka ukapita humo, nikapoteza mipera mitatu michanga. Bado inaniuma.

Majani ya mwembe nayo yasichomwe. Ni magumu, huchelewa kuoza, kwa hiyo yakatekate, yapange tabaka kwa tabaka na samadi ya kuku, yamwagie maji, yafunike. Mvua ikirudi utakuwa na mbolea.

Matuta tuliyainua ili maji ya mvua yapite. Kiangazi yanakausha mizizi. Yasawazishe, chimba vitalu vilivyozama kidogo, ndoo moja itulie pale ulipoimwaga. Humo panda lengalenga (mchicha), kabichi, vitunguu, na umwagilie asubuhi, si usiku wa baridi. Mipapai michanga isubiri joto.

Majani ya uwanjani yatageuka manjano. Yaache, usiyakate chini sana. Mizizi iko hai.

Kisima usikipime sasa, kimejaa. Fundi wa kukichimbua zaidi mwite mwezi wa tisa au wa kumi, maji yakiwa yameshuka kabisa.

Na ukivuna mahindi, chagua mapema magunzi ya mbegu, makubwa, yaliyojaa punje hadi ncha, uyafunge kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni, fukusi wasiyafikie.